Taa Nyekundu Uani: Kengele ya Tangi la Maji Taka na Saa Zinazobaki

Katika nyumba nyingi za pembezoni mwa miji ya Marekani, mahali ambapo bomba kuu la maji taka halijafika, hukutwa ukutani au juu ya nguzo fupi uani kisanduku chenye taa nyekundu na king'ora kidogo, ambacho kinaweza kukaa kimya kwa miaka hadi wenye nyumba wakasahau kwamba kipo. Siku kinapolia, wazo la kwanza linalowajia wengi ni kwamba tangi limejaa na kwamba gari la kunyonya maji taka liitwe upesi. Mara nyingi wazo hilo si sahihi. Kengele ya namna hiyo haipimi tope lililotuama kwenye tangi, wala haijui mara ya mwisho tangi lilinyonywa lini. Inachopima ni kimo cha maji ndani ya chumba cha pampu, na inacholalamikia ni kwamba maji yanayoingia humo yamezidi yanayotoka. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama familia itatumia vizuri saa zilizobaki kabla maji machafu hayajarudi ndani ya nyumba, au itazipoteza kwa kumsubiri mtu asiye na dawa ya tatizo lenyewe.

Ili kuelewa kwa nini nyumba ihitaji pampu, ni lazima kuanza na tangi la kawaida, ambalo halina pampu wala umeme. Mfaransa Jean-Louis Mouras alijenga tangi la aina hiyo katika mji wa Vesoul karne ya 19, akalipatia hataza mwaka 1881, na mwaka 1895 mhandisi Donald Cameron akajenga lile la Exeter, Uingereza, ambalo ndilo lililoeneza jina la tangi la septiki duniani. Kanuni yake haijabadilika tangu wakati huo. Maji machafu yanapoingia na kutulia, uchafu mzito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea na kuwa utando, na maji ya katikati, ambayo yamepungukiwa uchafu ingawa hayajawa safi hata kidogo, hutoka kwa upande wa pili na kuelekea kwenye mifereji iliyofukiwa ardhini, ambako udongo na vijidudu vyake humalizia kazi ya kuyasafisha. Yote hayo hufanyika kwa mteremko tu, na mfumo wa namna hiyo hauna cha kulia.

Pampu huingia pale ardhi inapokataa utaratibu huo. Penye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, au mwamba ulio karibu na uso wa ardhi, au maji ya chini ya ardhi yaliyo juu mno, mifereji ya kawaida haiwezi kunyonya, na maji yanayotoka kwenye tangi hulazimika kupandishwa hadi mahali panapofaa. Mojawapo ya majibu yaliyoenea Marekani ni kilima cha mchanga kinachojengwa juu ya ardhi ya asili, ambacho kilianzia North Dakota katika miaka ya 1940 na kusanifiwa upya na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison katika miaka ya 1970. Vilima hivyo, vilivyoota nyasi na kuonekana kama makaburi makubwa ya kifalme, viko kwa wingi Wisconsin na Minnesota, jimbo ambalo limepokea wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki, na baadhi yao, wanapotoka kwenye fleti za mjini kwenda kununua nyumba mashambani, hujikuta kwa mara ya kwanza wakimiliki kilima, chumba cha pampu na kile kisanduku chenye taa. Kwa nchi nzima, takriban nyumba moja kati ya kila tano hutegemea mfumo wake wenyewe wa kusafisha maji taka, ingawa si zote zenye pampu.

Ndani ya chumba cha pampu, ambacho aghalabu ni tangi la pili la zege au plastiki lililofukiwa baada ya tangi la kwanza, huning'inia maboya kadhaa, kila moja likiwa na ukubwa unaokaribia ngumi ya mtu mzima na swichi iliyofungiwa ndani yake. Maji yakipanda, boya huinuka na kulala upande, swichi ikagusana; maji yakishuka, boya huning'inia tena na swichi kuachana. Boya la chini kabisa huizima pampu ili isizunguke bila maji na kuungua, la pili huiwasha, na la juu, ambalo katika siku za kawaida haliguswi na maji hata kidogo, ndilo la kengele. Mafundi wengi hawafungi nyaya za maboya hayo kwenye bomba la pampu lenyewe, bali kwenye mti au bomba jembamba linaloweza kutolewa bila kuigusa pampu, na hupima kimo cha kila boya kwa futi kamba kwa sababu sentimita chache zikikosewa hubadilisha mwenendo wa mfumo mzima.

Jambo moja ambalo mnunuzi wa nyumba angefaa kuliuliza, na ambalo ni nadra kuulizwa, ni kama kengele na pampu zina njia tofauti za umeme. Pampu ikipata hitilafu, sakiti breka yake hukatika ili kuzuia moto. Kengele ikiwa imeunganishwa kwenye breka hiyohiyo, itazimika pamoja na pampu wakati uleule ambapo inahitajika zaidi, na habari ya kwanza itakayoifikia familia itakuwa maji yanayobubujika kutoka kwenye tundu la bafu la chini. Kwa sababu hiyohiyo, kengele isiyo na betri haisemi lolote umeme unapokatika mtaa mzima, hata kama chumba kinaendelea kujaa.

Swali kubwa kuliko yote baada ya king'ora kulia ni muda gani umebaki, na hilo linaweza kujibiwa kwa hesabu ya darasa la sita. Chukuliwe chumba chenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2 kwa ndani: kila sentimita ya maji ndani yake ni lita 30. Kama boya la kengele liko sentimita 30 chini ya mdomo wa bomba linaloingiza maji, akiba iliyobaki ni lita 900. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani hukadiria kwamba mtu mmoja nchini humo hutumia ndani ya nyumba karibu lita 260 kwa siku, kwa hiyo familia ya watu wanne isiyobadilisha chochote itaimaliza akiba hiyo kabla ya saa 24 kutimia. Familia hiyohiyo ikijibana hadi lita 40 kwa mtu, kiasi ambacho kaya nyingi za Afrika Mashariki hukiona ni cha kawaida, itakuwa na zaidi ya siku tano, yaani muda wa kutosha kumsubiri fundi hata kama kengele imelia Ijumaa usiku.

Hesabu hiyo huonyesha pia ni matumizi gani ya kuacha kwanza. Mashine ya kufulia ya mtindo wa zamani hutumia takriban lita 150 kwa mzunguko mmoja, ambazo katika chumba kilichotajwa ni sentimita tano. Kuoga kwa bomba la mvua kwa dakika 10 ni karibu sentimita tatu. Kuvuta maji ya choo cha kisasa mara moja, lita sita tu, hakufiki hata robo ya sentimita. Kwa hiyo katazo la kwenda chooni, ambalo baadhi ya wazazi wenye hofu hulitangaza kwanza, ndilo lenye faida ndogo kuliko yote, ilhali vyombo vinaweza kungoja, na nguo kungoja au kupelekwa kwenye mashine za kufulia za kulipia. Kinachokula akiba kimyakimya ni choo kinachovuja, ambapo kizibo cha mpira ndani ya tangi la kuvutia maji hakikai sawasawa na maji huteremka bakulini usiku na mchana bila mlio. Choo cha namna hiyo kinaweza kupoteza hadi lita 750 kwa siku, ambazo ni sentimita 25 kati ya zile 30. Kukigundua ni rahisi: matone ya rangi ya chakula hutiwa kwenye tangi la choo, na kama baada ya dakika 15 hivi rangi imeonekana kwenye bakuli bila mtu kuvuta, mwizi amepatikana.

Kubonyeza kitufe cha kunyamazisha king'ora si kosa, maana kitufe kiliwekwa kwa ajili hiyo na taa nyekundu hubaki ikiwaka. Kosa ni kuchukulia kimya kile kuwa ni dawa. Baada ya hapo hutazamwa sanduku la umeme la nyumba. Breka ya pampu ikikutwa imeanguka, huruhusiwa kurudishwa mara moja tu, na ikianguka tena huachwa hivyo hivyo mpaka fundi afike, kwa kuwa breka inayokatika mara ya pili inaonyesha hitilafu ambayo kuing'ang'aniza kunaweza kuunguza pampu iliyokuwa bado yaweza kuokolewa. Inafaa pia kukumbuka kama umeme ulikatika muda si mrefu. Mifumo mingi ya vilima hudhibitiwa na saa inayoiruhusu pampu kufanya kazi kwa dakika chache kila baada ya muda fulani, ili udongo upewe maji kidogo kidogo na nafasi ya kupumua. Umeme ukikosekana kwa siku nzima, maji ya siku hiyo hujikusanya, na unaporudi kengele hulia bila kitu chochote kuharibika. Familia ikipunguza matumizi, taa huzimika yenyewe ndani ya siku moja hivi. Ikiwa haikuzimika, ndipo fundi aitwe.

Kwenye kisanduku hichohicho huwa kuna swichi yenye nafasi tatu, ya kuendesha kwa mkono, ya kuzima na ya kujiendesha, na ni vigumu kwa mtu aliye na wasiwasi kutoigusa. Kuilazimisha pampu imalize maji yote kwa mkupuo mmoja huondoa taa nyekundu na kumpa mwenye nyumba faraja, lakini humwaga ndani ya kilima maji ya siku mbili kwa saa moja, na kilima kilichozidiwa huweza kutokwa na maji machafu kwenye kingo zake. Isitoshe, swichi ikisahauliwa kwenye nafasi ya mkono, pampu itazunguka hata chumba kikiwa kikavu mpaka iungue. Pampu ni kitu cha kununua dukani na kubadilisha kwa siku moja. Kilima kilichozibwa huchimbwa na kujengwa upya, na huo ndio ulinganisho unaopaswa kuwa kichwani mwa mtu aliyesimama mbele ya swichi hiyo.

Sababu zinazobaki ni nyingi, na nyingine hazihitaji maelezo marefu: boya limenaswa na waya wa jirani yake, mafuta ya kupikia yameganda juu yake na kulizuia kuinuka, au pampu imezungukwa na vitambaa laini vya kufutia watoto, ambavyo huandikwa kwenye pakiti kwamba vinafaa kutupwa chooni lakini haviyeyuki kama karatasi. Minnesota ina sababu yake ya msimu. Bomba linalopanda kutoka kwenye pampu hadi kilimani hulazwa kwa mteremko ili maji yarudi chumbani kila pampu inapozima, na pale ambapo udongo umelegea na bomba kubonyea katikati, maji hubaki kwenye bonde hilo na kuganda mnamo Januari. Pampu husikika ikiunguruma lakini maji hayashuki, na hakuna breka wala swichi inayoweza kubadilisha hali hiyo. Theluji inapoyeyuka, au baada ya mvua kubwa, hali hugeuka: maji safi ya ardhini hupenya kwenye mifuniko na maungio ya tangi, au huletwa na mtu aliyeelekeza pampu ya chumba chake cha chini ya ardhi kwenye mfumo wa maji taka, jambo ambalo halipaswi kufanywa hata kwa dharura.

Hapo ndipo gari la kunyonya maji taka linapoweza kuleta hasara badala ya msaada. Kama ardhi imeshiba maji, tangi lililonyonywa litajaa tena kwa maji ya ardhini baada ya muda mfupi, na malipo yatakuwa yamepotea. Mbaya zaidi, tangi tupu, hasa la plastiki au nyuzi za kioo, linaweza kuelea na kuinuka kutoka kwenye shimo lake, likivunja mabomba pande zote mbili. Katika hali ya mafuriko ushauri wa kitaalamu ni kungoja maji ya ardhi yashuke. Kunyonya tope kila baada ya miaka mitatu hadi mitano ni matunzo ya lazima, lakini ni kazi ya kalenda, na kengele haihusiki nayo.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Mfuniko wa tangi au chumba cha pampu haupaswi kufunguliwa na kuachwa bila mtu mzima karibu, na hakuna mwenye nyumba anayepaswa kuingiza kichwa, sembuse mwili, kwa lengo la kulikwamua boya. Uchafu unaooza bila hewa hutoa methani, ambayo huwaka, na haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo hila yake ni kwamba ikizidi kiasi cha sehemu 100 katika milioni moja ya hewa huua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani harufu imepungua wakati hatari imeongezeka. Taarifa za vifo vya mashimoni hufanana mno katika nchi zote: mmoja huingia na kuzimia, wa pili humfuata kumwokoa, na wakati mwingine wa tatu pia.

Kwa wanaoishi Texas, kisanduku chenye sura ileile kinaweza kuwa kinasema jambo jingine kabisa. Huko imeenea mifumo inayopuliza hewa ndani ya maji taka ili vijidudu vinavyohitaji hewa vifanye kazi haraka, kisha maji hutiwa klorini na kurushwa na vinyunyizio juu ya majani ya uani. Kengele ya mfumo huo inaweza kulia kwa sababu ya kimo cha maji, lakini pia kwa sababu kipulizi cha hewa kimesimama, na katika hali ya pili chumba huwa na nafasi tele na maji huendelea kutoka kama kawaida, ila yanayorushwa uani, pengine wanapocheza watoto, hayajasafishwa vya kutosha. Kwa hiyo familia iliyohama kutoka Minnesota kwenda Texas na kuridhika kwamba maji hayajapanda inakuwa imejibu swali ambalo halikuulizwa. Vidonge vya klorini vinavyotumika humo ni vya maji taka, na vile vya mabwawa ya kuogelea, ambavyo hupatikana kwa urahisi zaidi, haviruhusiwi kuwekwa mahali pake.

Katika miji ya Afrika Mashariki mfumo ulioenea zaidi ni ule wa mteremko. Dar es Salaam, ambako bomba la maji taka la jiji limefika sehemu ndogo tu, nyumba nyingi hutumia choo cha shimo au tangi la septiki linalomwaga kwenye shimo la kunyonya, na kwa kuwa hakuna pampu hakuna boya wala king'ora. Kazi ya kutahadharisha hufanywa na sinki linalochelewa kushusha maji, chemba inayobugujika mtu anapooga, au nyasi zinazostawi kiangazi juu ya shimo wakati za jirani zimekauka. Ishara hizo huja zimechelewa, hasa wakati wa masika kwenye maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu, na kinachofuata wakati mwingine ni ile desturi ya kutapisha choo mtaroni mvua inaponyesha, ambayo huondoa tatizo kwa mwenye nyumba mmoja na kuligawa kwa mtaa mzima. Kwa mwenye shimo lililozingirwa na maji ya mvua, somo la kilima cha Minnesota ni lilelile: gari litanyonya, litakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya maji taka ya Vingunguti, na shimo litajaa tena kutoka kwenye kuta zake, ilhali kusitisha kufua kwa siku chache hakugharimu kitu.

Pampu na kengele zake zimeanza kuzoeleka kwenye maghorofa yenye vyumba vya chini ya ardhi na kwenye hoteli za ufukweni, na hapo huibuka suala ambalo nyumba ya familia moja haina, kwamba anayesikia king'ora siye anayetumia maji. Mlinzi wa zamu ya usiku hawezi kuwaamuru wapangaji wa ghorofa nane waache kufua, na akiachwa na kitufe cha kunyamazisha peke yake atakibonyeza, na hakuna wa kumlaumu. Katika jengo la namna hiyo, king'ora kilichofungwa kwenye chumba cha pampu huko chini hakisaidii mtu. Kinafaa kuvutiwa waya hadi kwenye kibanda cha mlinzi, na pembeni yake ibandikwe karatasi yenye namba ya simu ya fundi, alama ya mahali ilipo valvu ya kufunga maji ya jengo, idhini ya maandishi ya kuifunga, na idadi ya saa zinazobaki baada ya taa kuwaka, kwa hesabu iliyofanywa kwa vipimo vya chumba hicho chenyewe.